Mgongo wa Mama

Jumatano ya pili ya mwezi wa Agosti, mwaka jana, nilikuwa nimeketi barazani nyumbani kwa mama yangu huko Nyacheki, nikichambua mboga za chinsaga. Ungo ulikuwa mapajani, mabua nikiwatupia kuku, na nilikuwa nimeupa kisogo mlango wa chumba cha Mama. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Ndani, mama yangu alikuwa ameketi uchi juu ya kigoda karibu na dirisha, na binti yangu alikuwa akimchora.

Naliandika neno hilo, uchi, kama lilivyo, kwa kuwa nimelizunguka kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nafundisha sanaa katika shule moja ya upili kule Sironga, na hadi leo nikifika kwenye somo la mwili wa binadamu hulitaja kwa sauti ile ile ambayo watu huitumia kumtaja marehemu. Wanafunzi wangu humchora mwenzao akiwa ameketi juu ya dawati, amevaa sare, soksi zimevutwa hadi magotini. Wanachora vizuri. Kola ya shati wanaijua kuliko shingo iliyomo ndani yake.

Wageni hudhani kwamba sisi Abagusii tunauonea haya mwili wenyewe. Anayedhani hivyo apite kando ya barabara kuu mjini Kisii, kwenye vibanda vya wachongaji wa jiwe laini. Ataona wanaume na wanawake wasio na hata uzi, wamekumbatiana, wengine wamebebana, wamepangwa mezani kama maembe. Wazee wa makanisa yetu huvisugua vinyago hivyo kwa maji na msasa mbele ya watoto wao, huvifunga kwa magazeti ya zamani na kuvipeleka sokoni bila wasiwasi wowote. Niliwahi kumuuliza mchongaji mmoja, mtu wa Sabato kama sisi, kama haoni haya. Alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, hilo ni jiwe," alisema. "Jiwe ni mama ya nani?"

Alikuwa ameniambia kwa ufupi jambo ambalo mimi ningelihitaji ubao mzima kulieleza. Kwetu haya haikai kwenye ngozi. Hukaa kati ya watu. Tunaiita ensoni, na ndani ya neno hilo mna aibu na heshima kwa pamoja. Nguvu yake kubwa iko kati ya mzazi na mtoto. Mtoto akishakua hautazami mwili wa mzazi wake, haketi kitandani pake, wala hataji mbele yake mambo yanayohusu kitanda hicho. Lakini ukiruka kizazi kimoja, ensoni haipo. Nyanya na mjukuu hutaniana watakavyo, hulala pamoja, husuguana migongo. Ndiyo maana binti yangu alikuwa ndani na mimi nilikuwa nje.

Mara ya mwisho kumwona mama yangu akioga nilikuwa mtoto mdogo. Tulikuwa kijitoni, chini ya shamba la chai, nami nimeshika sabuni iliyowekwa juu ya jani la mgomba ili isiingie mchanga. Nakumbuka maji yakishuka kati ya mabega yake na jinsi alivyocheka kwa baridi. Baadaye, katika likizo fulani, nilipoichukua sabuni kama kawaida, aliipokea kutoka mkononi mwangu na kuniambia niende nikaangalie mbuzi. Hakukasirika. Alisema tu kama mtu anayekujulisha kwamba mvua imekatika. Tangu siku hiyo mama yangu amekuwa uso, mikono hadi viwiko, na nyayo. Sehemu iliyobaki nimeiona ikibadilika chini ya blauzi, mwaka hadi mwaka, kadiri kikapu cha majani chai kilivyoendelea kumvuta nyuma naye akiinama mbele ili asiangushwe nacho.

Nilipokwenda Nairobi kusomea ualimu wa sanaa, nilidhani kwamba hatimaye nitafundishwa kutazama. Mhadhiri wetu alimwajiri mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mitumba, aje akae mbele yetu tumchore. Wenzetu wa kikundi cha maombi walisimama kwenye korido wakiimba nyimbo za toba. Mwanamke yule aliwapita bila kuwajali, akaingia amejifunga leso, akapanda juu ya jukwaa dogo la mbao. Kabla ya kuifungua leso alituangalia mmoja mmoja, kisha akauliza, "Nani kati yenu anatoka kwetu?" Akataja kwao. Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliinua mkono, akasema yeye amezaliwa kilima cha pili kutoka hapo, na kwamba huenda mama yake anamfahamu. Mwanamke akacheka, akaikaza leso kifuani.

"Basi leo mtachora leso," alisema.

Hakurudi tena. Nyimbo za toba hazikumfukuza; alifukuzwa na yule msichana, ambaye hakuwa na nia mbaya. Mhula uliofuata tulipewa sanamu ya plasta isiyo na mikono. Wenzangu walimlaumu mwanamke yule kwa ushamba. Mimi nilimwelewa, na kumwelewa kwangu kulinihuzunisha, kwani tayari nilijua ni mwili wa nani niliotamani kuuchora, na nilijua kwamba sitauchora.

Sasa nirudi Nyacheki. Kabla ya Pasaka ya mwaka jana Mama alianguka shambani, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitalini hakuweza kujiogesha. Mimi ndiye binti yake wa pekee, kwa hiyo niliomba ruhusa shuleni, nikaja, nikapasha maji moto, nikaingia chumbani mwake na beseni. Alinishukuru kwa maji.

"Weka hapo, mama," alisema, kwa upole wa kumwita binti yake mama. "Sasa nenda."

"Mama, utajimwagia vipi na mkono mmoja umeshika mkongojo?"

"Nenda, nimesema. Sijawa mtoto wako bado."

Mke wa kaka yangu, anayeishi boma lile lile, ndiye kabisa asiyeweza, kwa kuwa mkwe naye ana ensoni hiyo hiyo. Ikabidi aje jirani yetu wa rika la Mama, ambaye magoti yake yalimruhusu siku nyingine na siku nyingine yakamkataza. Mama alikuwa radhi kukaa na jasho siku tatu kuliko kuniacha niingie. Nilikuwa nikirudi Sironga nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Chuo cha binti yangu kilipofungwa, yeye hakuuliza mtu. Alifika na begi lake, akasalimia, akachukua beseni na kuingia. Baada ya muda nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu ajali ile: mama yangu akicheka akiwa ndani ya maji. Binti yangu anasomea sanaa kama mimi, lakini amezaliwa wakati mwingine. Huko chuoni kwao huja watu wa kila namna kuketi mbele yao, vijana na wazee, na hakuna anayeimba kwenye korido, au wakiimba hawasikiki. Wakati akimsugua nyanya yake mgongo aliona kitu ambacho mchoraji hawezi kukiacha kipite, akamwomba amchore.

"Mimi si ramani," Mama alimjibu, kama nilivyosimuliwa baadaye. Lakini asubuhi iliyofuata alikubali, kwa masharti mawili. Wanawe wa kiume wasijue. Na mimi nisiingie.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta barazani na ungo wa mboga. Ningeweza kwenda shambani au dukani. Nilikaa. Walizungumza Ekegusii, nami nayaandika hapa kwa Kiswahili maneno niliyoyasikia.

"Kaa hivyo hivyo, Nyanya."

"Nikae hivyo hadi lini? Hata kuku wa huko nje wamekaa wakachoka."

"Umegeuka tena."

"Nimegeuka kwa sababu kuna baridi, mke mwenza. Wewe umevaa sweta. Mimi nimevaa nini?"

Kwetu babu humwita mjukuu wake wa kike mke wake, basi nyanya naye humwita mke mwenza. Baba yangu amekwisha kufariki, lakini utani huo haukuzikwa naye.

"Niambie ukweli," Mama aliendelea. "Mzee angekuwapo leo, angekuchagua wewe au mimi?"

"Angenichagua mimi. Mimi najua kupika chapati laini."

"Mchukue basi. Ila anakoroma." Kisha sauti yake ikashuka. "Na unajua, hata yeye hakuwahi kuniona hivi, mchana. Mafuta ya taa yalikuwa ghali, na mimi nilikuwa wa kwanza kuizima taa."

Masikio yangu yakawaka moto. Nikakwaruza ungo kwa makusudi, nikakohoa.

"Yupo hapo?" Mama aliuliza.

"Yupo, Nyanya. Anachambua mboga."

"Haya. Mwambie nilisema anakoroma tu, sikusema kingine."

Nilicheka nikiwa nimefunika mdomo kwa kitambaa cha kichwa. Kisha nikasikia penseli ikitembea juu ya karatasi. Sauti hiyo naijua. Najua mkono ukisita, najua ukiharakisha kwa woga. Mkono wa binti yangu ulikuwa unasitasita.

"Mama!" aliita. "Mgongo umenishinda."

Nilikuwa nimekwisha kusimama kabla sijafikiri, ungo mkononi, majani yakimwagika sakafuni.

"Umeanzia wapi?" nilimuuliza kupitia mlangoni.

"Begani."

"Acha bega. Tafuta kwanza uzito wake umekaa wapi. Amekalia nyonga gani?"

"Ya kulia, kwa sababu hii nyingine imeingia ndani na ngozi yake ime—"

"We!" Mama alipaza sauti. "Wewe mtoto, nyamaza! Na mwambie mama yako afunge mdomo. Ataniona kwa masikio."

Nikaketi. Alikuwa na haki. Kwa sekunde ile nyonga iliyoingia ndani ilikuwa tayari imeanza kujichora kichwani mwangu. Lakini binti yangu alikuwa amekwama, na mwalimu akishasikia mkono umekwama hawezi kutulia. Basi nikageukia migomba iliyokuwa mbele ya nyumba, nikaiambia kwa sauti ya darasani, "Mtu yeyote aliyeketi, awe nani awe nani, uti wake wa mgongo haunyooki. Usiufuate ukingo wa mwili, ukingo ni mwongo. Fuata mstari wa katikati, uone unapopinda. Mabega yatakuja yenyewe."

"Huyo anamfundisha nani?" Mama aliuliza.

"Anaifundisha migomba, Nyanya."

"Basi migomba isikie."

Penseli ikaanza kutembea tena, mara hii bila kusita. Nikaokota majani ya chinsaga moja moja kutoka sakafuni. Sikuwahi kumwonea binti yangu wivu kabla ya asubuhi hiyo. Siku hiyo nilimwonea.

Walipomaliza, Mama alitoka amevaa gauni lake la buluu na sweta yenye vifungo hadi shingoni, akaegemea mkongojo wake kama siku zote. Wakati wa chakula binti yangu alimwuliza kama angemruhusu kuutundika mchoro ule kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka chuoni kwao.

"Nairobi?" Mama alisema. "Huko nani ananijua? Waache watazame. Bora usiandike jina."

Nilitazama ugali wangu. Mtu yeyote wa Nairobi, anayepita tu akiwa njiani kwenda kununua maji ya chupa, angesimama mbele ya mgongo wa mama yangu kwa muda autakao, aende zake, na asahau. Ni mimi tu na kaka zangu tuliokatazwa, na tulikatazwa kwa sababu hiyo hiyo kwamba sisi ndio watoto wake.

Tulirudi Sironga, mimi na binti yangu, ili akae nami kidogo kabla ya kurejea chuoni. Asubuhi moja aliacha karatasi ile juu ya meza yangu ya kulia, imefunikwa uso chini, akaenda Nyamira mjini kushonesha viatu. Kabla ya kutoka alisimama mlangoni.

"Mama, ni karatasi," alisema. "Ni penseli tu. Sitamwambia Nyanya."

"Najua hutamwambia."

"Umesubiri maisha yako yote."

"Nenda, utachelewa."

Alikwenda. Nilifagia chumba ambacho kilikuwa kimekwisha kufagiwa. Nikanywa chai nimesimama. Nilijaribu kulitumia neno la yule mchongaji wa vinyago: karatasi ni mama ya nani? Halikunisaidia, kwa sababu safari hii nilikuwa na jibu la swali hilo.

Mwishowe niliketi, nikaweka kiganja changu juu ya karatasi, upande wake mtupu. Binti yangu hukandamiza penseli; ni tabia niliyomkanya tangu utotoni bila mafanikio. Chini ya vidole vyangu niliuhisi mstari mmoja mrefu, umeinuka kidogo, ukishuka kutoka juu hadi chini, ukipinda mahali fulani kuelekea kulia na kurudi. Kando yake palikuwa na mistari midogo mingi, kama mahali ambapo mvua imepita juu ya udongo. Nikauondoa mkono. Sikuigeuza karatasi. Nililia kwa namna ambayo sikulia hata tulipomzika baba, na binti yangu aliporudi alikuta nimepika.

Jumapili iliyofuata, akiwa amekwisha kwenda Nairobi, nilifika Nyacheki. Mama alikuwa akiota jua. Aliniuliza habari za shule, akaniuliza kama mvua imenyesha kwetu, kisha, akiwa anaangalia upande wa kituo cha kuuzia majani chai, akauliza,

"Umeiona?"

"Hapana, Mama."

"Vizuri." Akausogeza mkongojo wake kando. "Mimi nimeiona. Alinionyesha kabla hajaifunga. Nilikuwa sijui. Mtu hauoni mgongo wake, si kweli? Mimi nilidhani umekwisha, kumbe bado—"

Aligeuka akaniangalia, mdomo ungali wazi. Nikaona akikumbuka mimi ni nani. Nilitamani asikumbuke. Nilitamani, kwa muda wa pumzi moja, niwe jirani, niwe mjukuu, niwe mpita njia yeyote wa Nairobi, ili lile neno lililokuwa likifuata baada ya "bado" lisirudi ndani. Lilirudi. Alinyoosha mkono, akaupangusa unga ambao haukuwepo begani mwangu.

"Niletee maji ya kunywa, mama," alisema.

Nilimletea. Hatukulizungumzia jambo hilo tena. Wiki kadhaa baadaye, siku ya maonyesho ilipokuwa inakaribia na binti yangu akiwa ameniuliza mara kwa mara kama nitafika, nilimwandikia barua hii na kuituma kwa gari la vifurushi kutoka mjini Nyamira.

*

Mwanangu mpendwa,

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu hujibu haraka mno, nami naogopa kwamba katika kujibu utanitumia picha, na picha za simu hujifungua zenyewe mtu hata hajaamua. Tafadhali usiitume, leo wala siku nyingine. Nyanya yako atakapotangulia usiitume pia. Ensoni haizikwi pamoja na mtu.

Nyanya anaendelea vizuri. Anatembea hadi kwenye lango, na anamtukana jogoo wa jirani kama zamani. Anamsalimu mke mwenza wake na kumkumbusha kwamba Desemba wewe mwenyewe ndiye utakayemwogesha, hataki wale wenye magoti mabovu. Ameniuliza kama watu watalipa kiingilio kwenye maonyesho yenu. Nilipomwambia kwamba ni bure, alisema basi wasikae sana. Wajomba zako hawajui lolote, na usiwaalike.

Uliniuliza kama nitakuja. Nilifikiri kwanza nikatae, nikaandika barua ya kukataa, nikaichana. Kisha nilifikiri nije na nitazame, niwe mjinga kwa siku moja na nijute baadaye. Hiyo nayo sikuweza kuiandika hadi mwisho. Wewe ulisema ni karatasi, na siwezi kukulaumu, kwa kuwa kwako wewe ni kweli, na bila kweli hiyo usingeweza kumchora. Kwangu si karatasi. Ningekuwa na mama mwingine ningekuja kutazama.

Nitakuja. Nitazitazama kazi zako zote kwa makini, na nitakwambia palipo na makosa, kwa hiyo jiandae. Ile moja nakuomba uitundike kwenye ukuta wa mwisho kabisa, ili nijue mahali pa kugeukia. Halafu unitafutie kiti, au hata kigoda, uniwekee kando ya ukuta huo huo, nikiwa nimeupa mgongo. Nataka kukaa pale na kuwaangalia nyusoni watu wanaomwona mama yangu.

Mama yako.